Kijerumani kwanza, mume baadaye

Sehemu ya mwisho ya mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1 ni ya mazungumzo. Watahiniwa huingia kwa kikundi, wasiozidi wanne, wakakaa mbele ya watahini wawili. Kila mmoja anajitambulisha: jina, umri, nchi atokayo, anapoishi, lugha anazozijua, kazi yake, mambo anayoyapenda. Akimaliza anaambiwa ataje jina lake herufi moja moja, kisha namba, pengine ya simu, tarakimu moja moja. Halafu zinakuja kadi, zimefunikwa mezani. Ya kwanza ina neno la maisha ya kila siku, tuseme mkate au Jumapili, nawe utunge swali lenye neno hilo umuulize aliyekaa nawe. Nyingine ina picha, labda ya dirisha au glasi ya maji, na hapo uombe kitu kwa adabu, kama mtu aombavyo akiwa nyumbani kwa watu. Dakika 15 hivi, kazi imekwisha.

Kabla ya hapo kuna dakika 20 za kusikiliza, 25 za kusoma na 20 za kuandika. Anayepata alama 60 kwa 100 amefaulu.

Kwa kijana anayejifunza Kijerumani kwa kupenda, A1 ni ngazi ya chini kabisa kati ya sita, na akianguka leo atarudia siku nyingine bila kukosa usingizi. Lakini katika vyumba vya mtihani vya Dar es Salaam na Nairobi wamo pia wake na waume za watu. Wameshafunga ndoa. Cheti cha ndoa kimetafsiriwa na kugongwa mihuri, nyumba imepatikana, mwenza yuko Hamburg au Stuttgart anasubiri. Kilichobaki kati yao ni karatasi ya A1, na bila hiyo ombi la viza ya kuungana na familia kwa kawaida halipiti.

Naamini sharti hilo limewekwa mahali pasipo pake. Sina ugomvi na nchi inayotaka wageni wake wajue lugha yake, maana anayeishi Ujerumani bila Kijerumani anaishi kwa kutegemea watu kila anapokwenda hospitali, shuleni kwa mwanawe au benki. Ugomvi wangu ni na mpangilio: lugha inadaiwa kabla haijafundishwa, inadaiwa mbali na mahali inapozungumzwa, na inadaiwa kwa baadhi ya watu tu.

Sharti lilianza Agosti 2007, Ujerumani ilipoifanyia marekebisho sheria yake ya ukaazi wa wageni. Uholanzi ilikuwa imetangulia: tangu Machi 2006 anayetaka kumfuata mwenza huko hufanya mtihani katika ubalozi wa Uholanzi nje ya nchi hiyo, wa lugha na wa maarifa kuhusu jamii ya Waholanzi. Uingereza ikafuata mwishoni mwa mwaka 2010 kwa Kiingereza. Serikali ya Ujerumani ilitoa sababu mbili. Ya kwanza ni kupambana na ndoa za kulazimishwa: binti anayeozwa kwa mtu aliyeko Ulaya asifike huko akiwa bubu, hawezi hata kuita polisi. Ya pili ni kumrahisishia mgeni kuyashika maisha mapya tangu siku ya kwanza.

Hiyo sababu ya kwanza siipuuzi hata kidogo. Ndoa za kulazimishwa zipo, na kwetu pia tunazijua. Lakini tazama mtihani wenyewe unafundisha nini. Aliyefaulu A1 anaweza kujitambulisha, kuuliza bei, kuomba dirisha lifungwe. Hawezi kumweleza askari kwamba mumewe amemnyang'anya pasipoti na kumfungia ndani. Kinachomwokoa mwanamke wa namna hiyo ni kujua haki zake kwa lugha anayoielewa, kuwa na namba ya simu ya kupiga, kuwa na mahali pa kukimbilia na kibali cha kukaa kisichomfunga kwa mume mkatili. Na kama ndoa yenyewe ililazimishwa, familia iliyomlazimisha kuolewa itashindwaje kumlazimisha kwenda kozi?

Tumtazame kwa karibu anayeguswa. Tuseme ni dada wa Tanga, fundi cherehani, aliyemaliza darasa la saba, ameolewa na Mtanzania mwenzake aliyekwisha kuchukua uraia wa Ujerumani. Mteja akiingia dukani anamkadiria kiuno kwa macho kabla ya kuchukua futi. Anajua Kisambaa cha kwao na Kiswahili cha kila mtu, hesabu za madeni anazo kichwani. Mtihani wake wa mwisho wa kuketi kwenye dawati aliufanya akiwa na miaka 14.

Kozi aipate wapi? Taasisi ya Goethe iko Dar es Salaam. Mtihani unaokubalika ubalozini lazima utolewe na kituo kinachotambuliwa, na vituo hivyo ni vya kuhesabika. Basi ama ahamie Dar kwa miezi kadhaa, cherehani imefunikwa na wateja wanahama, au ajifunze kwa simu usiku baada ya kazi, kwa bando la intaneti la kununua, kisha apande basi siku ya mtihani. Ada ya kozi, ada ya mtihani, nauli, pa kulala: akianguka, yote yanaanza upya. Kwa mtu wa Mwanza au Kigoma umbali ni mkubwa zaidi, na wa Pemba ana boti ya kulipia juu ya hayo.

Na mtihani wenyewe una mitego ambayo mwalimu wa Kijerumani anaijua lakini ofisa wa viza haioni. Mmoja ni wa saa. Katika sehemu ya kusikiliza karibu kila mara kuna swali la saa: treni inaondoka lini, daktari anapokea wagonjwa kuanzia saa ngapi. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, kwa hiyo mchana wa saa nane na nusu ni saa nane na nusu. Mjerumani wakati huohuo atasema ni nusu ya tatu, akimaanisha saa ya tatu imefika katikati, kwa hesabu yao inayoanzia saa sita. Dada wa Tanga lazima aisikie nusu ya tatu, aigeuze iwe mbili na nusu, kisha aipeleke kwenye saa nane na nusu aliyoizoea ndipo ajue ni wakati gani, na hapo msemaji kwenye spika ameshahamia jambo lingine. Namba nazo Mjerumani anazitaja nyuma mbele, nne na ishirini badala ya ishirini na nne, ukiandika kwa haraka utaandika 42. Sehemu ya kwanza na ya tatu za kusikiliza husikika mara mbili. Sehemu ya pili, yenye matangazo kama yale ya stesheni na madukani, husikika mara moja tu.

Kwenye kuandika, kazi ni mbili: kujaza fomu ya mtu mwingine kwa taarifa ulizopewa, na kuandika barua fupi au baruapepe ya maneno 30 hivi ukigusa mambo matatu uliyoelekezwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu ataona ni mchezo. Lakini fomu ina lugha yake, na aliyekaa miaka 20 bila kujaza fomu anashindwa na fomu kabla hajashindwa na Kijerumani. Waalimu wengi watakwambia hivyohivyo: wapo wanaozungumza vizuri darasani, wanacheka na wenzao kwa Kijerumani, siku ya mtihani karatasi inawashinda.

Sasa angalia nani hadaiwi. Mwenza wa Mmarekani, Mjapani, Mkorea Kusini, Mkanada, Mwaustralia au Mwisraeli anayeishi Ujerumani hadaiwi A1. Mwenza wa Mfaransa au Mwitaliano aliyehamia Ujerumani hadaiwi, kwa kuwa analindwa na sheria za Umoja wa Ulaya za uhuru wa kwenda na kukaa. Tangu mwisho wa mwaka 2022 hadaiwi pia mwenza wa mtaalamu wa kigeni mwenye kibali cha kazi ya kitaalamu. Anayebaki kudaiwa ni mwenza wa raia wa Ujerumani mwenyewe, pamoja na mwenza wa mgeni ambaye hati yake ya kusafiria haina uzito au kazi yake haikuingizwa katika orodha ya walioachiwa.

Maana yake ni hii. Dada wetu wa Tanga angeolewa na Mfaransa anayefanya kazi Berlin, angepanda ndege bila kujua neno la Kijerumani. Kwa kuwa ameolewa na Mjerumani, anabaki. Kama lugha ndiyo kinga dhidi ya ndoa ya kulazimishwa, mke wa Mfaransa hahitaji kinga? Kama lugha ndiyo njia ya kuyashika maisha, mke wa Mjapani ataishi Düsseldorf kwa lugha gani? Sijaona jibu la maswali hayo linaloweza kusimama mbele ya mtu aliyenyimwa viza.

Mahakama zimeliona hilo kwa nyakati tofauti. Septemba 2012 Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliyoko Leipzig iliamua kwamba raia wa Ujerumani hawezi kuambiwa ahamie ng'ambo moja kwa moja ili aishi na mkewe. Ikasema mwenza wake asidaiwe cheti ikiwa kujifunza hakuwezekani au ni kumwonea, au ikiwa amejitahidi mwaka mzima bila kufaulu. Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Julai 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg ilitoa hukumu katika kesi ya mama mmoja wa Kituruki, mwenye watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa Ujerumani tangu 1998. Mama huyo alifanya mtihani wa Goethe akapata alama 62. Alifaulu. Ubalozi ukamnyima viza hata hivyo, ukisema hajui kusoma wala kuandika, majibu ya kuchagua aliyatia alama kwa kubahatisha, na sentensi tatu alizoandika alizikariri. Mahakama ikaona sharti hilo linavunja itifaki ambayo Uturuki ilitia saini na Jumuiya ya Ulaya tarehe 23 Novemba 1970, inayokataza kuwawekea Waturuki vikwazo vipya. Mwaka 2015 Ujerumani ikaingiza katika sheria kifungu cha msamaha kwa walio katika hali ngumu.

Kesi ya mama huyo inafundisha jambo ambalo watunga sheria hawakulitarajia. Cheti kiliwekwa ili ofisa asikisie. Kiwe kipimo cha haki kwa wote. Cheti kilipokuja mkononi mwa mtu asiyefanana na walivyomtazamia, ofisa alikiweka kando akarudi kukisia. Nini basi kazi ya cheti?

Ngazi hizi za A1 hadi C2 zilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 ziwasaidie waalimu, wanafunzi na waandishi wa vitabu kuelewana: anayesoma Kihispania Warsaw na anayesoma Kihispania Oslo wajue wamefika wapi. Baada ya miaka michache zilikuwa zimeingia katika sheria za viza na uraia za nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 2014 Bunge la Baraza hilohilo lilijadili waziwazi kama mitihani ya namna hii inawasaidia wahamiaji kuingia katika jamii au inawazuia, na likaonya juu ya kuitumia kama kizuizi.

Nilisema sina ugomvi na lugha yenyewe, na Ujerumani ina kitu kizuri sana ambacho ningependa kila msomaji akijue. Tangu Januari 2005 kuna kozi ya serikali kwa wageni walioingia: vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya kuelewa nchi, sheria zake na historia yake. Serikali inabeba sehemu kubwa ya gharama, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe mchango wake. Lengo ni kumfikisha mgeni B1, ngazi tatu za mwanzo zikiwa zimekamilika. Zipo pia kozi za wasiojua kusoma, zenye vipindi vingi zaidi. Mwalimu yupo, darasa lipo, na ukitoka darasani mwuza mkate wa pembeni anakuuliza kwa lugha uliyotoka kujifunza.

Mwanamke yule wa Tanga, ambaye katika chumba cha kupanga Sinza, jijini Dar es Salaam, anahangaika miezi na saa za Kijerumani, akiwa Ujerumani angeishika saa katika wiki mbili, kwa sababu basi la saa nusu ya tatu lingemwacha mara moja tu.

B1 ndiyo inayodaiwa pia kwa uraia, pamoja na mtihani wa maarifa ulioanza Septemba 2008: maswali 33, majibu 17 sahihi yanatosha, na maswali yote 310 yamechapishwa mapema ayasome anayetaka. Hapo nasema sawa. Mtu ameishi nchini miaka, amepewa kozi, anaomba sauti katika uchaguzi. Kumwuliza anajua nini ni haki ya wenye nchi. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024 muda wa kukaa umepunguzwa kutoka miaka 8 hadi 5, na Ujerumani imeacha kudai mtu aukane uraia wake wa zamani. Mkenya anafaidika moja kwa moja, kwa kuwa Katiba ya 2010 inamruhusu uraia pacha. Mtanzania bado sheria ya kwao haimruhusu.

Sheria hiyohiyo ya 2024 ina kifungu kingine ambacho kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, ingawa hakikuzungumzwa sana huku kwetu. Wafanyakazi walioingia Ujerumani Magharibi kufikia tarehe 30 Juni 1974, na wale wa mikataba walioingia Ujerumani Mashariki kufikia tarehe 13 Juni 1990, wakiwemo waliotoka Msumbiji, Angola na Vietnam, hawadaiwi tena cheti cha B1 wala mtihani wa maarifa wakiomba uraia. Inatosha waweze kuelewana na watu kwa mdomo katika maisha ya kila siku. Sababu iliyotolewa ni kwamba walipofika hakuna aliyewaandalia mafunzo ya lugha. Walipelekwa viwandani na migodini, wakalazwa kwenye mabweni, na mkataba ulipokwisha walitegemewa waondoke. Ujerumani imekiri katika sheria yake kwamba haiwezi kumdai mtu lugha ambayo haikumfundisha. Ukishakiri hivyo kwa mzee wa miaka 80 aliyeko Dresden, huwezi kuendelea kusema kinyume chake kwa fundi cherehani aliyeko Tanga.

Ipo njia nyingine, na Waswahili wa Kongo wanaijua vizuri. Maelfu ya wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo walipelekwa Marekani katika miaka ya kabla ya 2025, na hakuna aliyeulizwa Kiingereza kabla ya kupanda ndege. Walifika, wakafanya kazi, watoto wakaanza shule, wazazi wakaenda madarasa ya jioni. Kiingereza kinaulizwa mtu anapoomba uraia, kwa kawaida baada ya miaka 5 ya ukaazi wa kudumu, na hapo hakuna cheti cha kununua kwa mtahini wa nje: ofisa anayemhoji ndiye anayempima palepale. Anapewa sentensi tatu, asome moja sawasawa. Anasomewa nyingine tatu, aandike moja. Mwenye umri wa miaka 50 aliyekaa miaka 20 akiwa mkaazi wa kudumu, au wa miaka 55 aliyekaa miaka 15, hadaiwi Kiingereza kabisa. Maswali ya historia na serikali anaulizwa kwa lugha yake, mkalimani akiwepo. Kwa hiyo mama wa Uvira au Fizi anaweza kulielezea Bunge la Marekani kwa Kiswahili na akatoka raia. Mfumo wa Marekani una ukali wake mwingine mkubwa, lakini katika jambo hili umempa binadamu muda.

Kutumia lugha kuwazuia watu mlangoni ni jambo la zamani. Koloni la Natal, Afrika Kusini, mwaka 1897 liliweka sheria kwamba anayeingia lazima aweze kuandika kwa lugha ya Ulaya. Waliokusudiwa ni Wahindi, bila kuwataja. Australia ikaiga mwaka 1901 kwa imla ya maneno 50 ambayo ofisa aliweza kuitoa kwa lugha yoyote ya Ulaya aipendayo. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, mpinzani wa Wanazi aliyejua lugha kadhaa, aliposhuka Sydney alipewa imla ya Kigaeli cha Uskoti ili aanguke. Imla hiyo ilifutwa 1958. Sisemi A1 ni sawa na imla ile, kwani A1 ina mtaala unaojulikana na usahihishaji wa haki. Ila historia hiyo ndiyo inayotufanya tuulize kila mara: mtihani huu umewekwa mtu afaulu, au umewekwa asije?

Katika historia ya Wajerumani na sisi yumo mtu mmoja anayestahili kukumbukwa hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa 1887. Kabla yake alikuwepo Amur bin Nasur wa Zanzibar. Wanafunzi wao walikuwa maofisa, wamishonari na wafanyabiashara waliojiandaa kuja Afrika Mashariki. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903 kwa mkono wa mhariri Carl Velten, sehemu kubwa ni kalamu ya Mtoro. Basi serikali ya Ujerumani ilipotaka watu wake wajue lugha ya wengine, ilijenga chuo, ikamtafuta mwalimu aliyezaliwa na lugha, ikamlipa.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli pamoja waje kuishi pwani kwao mume. Ilipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke, kwa kuwa mke ni mzungu na mume ni mweusi. Wakarudishwa Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha maofisa wa koloni kuzungumza na watu wa pwani alizuiwa bandarini asiingie kwao na mkewe, ilhali wote wawili hawakupungukiwa lugha ya kuelewana. Nikisoma habari zake naona wazi kwamba lango likitaka kufungwa, lugha ni kisingizio kimoja tu kati ya vingi.

Hali ya kazi ni tofauti, na ni vizuri kuitenganisha. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Tangu hapo madarasa ya Kijerumani Nairobi na miji mingine yamefurika. Muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu hudaiwa kwa kawaida B2, na hapo nakubali bila shaka yoyote, kwa sababu mgonjwa anayesema dawa ile inamdhuru lazima aeleweke mara moja. Tatizo la huko ni madalali. Wapo wanaoahidi B1 kwa wiki chache, wapo wanaotoa vyeti vyao wenyewe vyenye nembo ya kuvutia. Ubalozini majina yanayojulikana ni machache: Goethe, telc, ÖSD na wengine wa daraja hilo. Kabla ya kulipa shilingi moja, uliza cheti kitatolewa na nani.

Nyumbani kwetu nasi tuna sharti letu. Sheria ya Kenya ya uraia ya 2011 inamtaka anayeomba uraia wa kuandikishwa aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji; ya Tanzania ya 1995 inataka ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Lakini mke wa kigeni wa Mkenya au Mtanzania haulizwi Kiswahili uwanja wa ndege. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 162,000 waliokimbilia hapa mwaka 1972, wengi wao wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifika wengi wakiwa na Kirundi tu. Walilima, wakauza mazao sokoni, watoto wao wakasoma Kiswahili shuleni, na uraia ulipokuja lugha ilikuwa yao.

Kwa anayesubiri sasa hivi, na barua ya kunyimwa viza iko mezani: uamuzi wa 2012 na kifungu cha 2015 vipo kwa ajili yako, lakini havijitekelezi. Ukali wa hali yako lazima uuthibitishe. Kila risiti ya kozi, kila matokeo hata ya kufeli, barua ya mwalimu, karatasi ya daktari kama kuna ugonjwa au ulemavu, ushahidi wa umbali na wa kipato, viambatane na ombi. Mwenza aliyeko Ujerumani anaweza kumwona wakili wa huko au mashirika yanayotoa ushauri kwa wahamiaji bila malipo, na muda wa kupinga uamuzi una kikomo, usiupite.

Na kwa wanaokwenda Berlin kwa niaba yetu kujadili mikataba ya kazi: yule mama wa Kituruki alikuwa na pa kusimama mahakamani kwa sababu wajumbe wa nchi yake walikuwa wametia saini itifaki mwaka 1970, miaka 44 kabla ya hukumu yake. Kenya ina makubaliano tayari, na Tanzania nayo inaweza kudai ya kwake. Wake na waume wanaobaki nyuma waandikwe humo: wafike kwanza, wapewe vipindi 600, kisha waulizwe Kijerumani.